UZI: Steringi inagonga na taa ya SRS haizimi baada ya dashibodi kushushwa. Bolti za usukani na eabegi zinakazwa kiasi gani?

Mgosi_wa_IST
Wakuu habari za humu. Nina IST ya zamani ile NCP60, AC ilikuwa inatoa upepo wa moto, fundi akapima akasema evaporeta (kile kinachopoza hewa ya AC) imetoboka, ikabidi dashibodi yote ishuke na kolamu ya usukani (nguzo inayobeba usukani na shafti yake) ifunguliwe ilazwe kwenye siti. AC sasa ni baridi mpaka unatafuta sweta, sina neno. Ila yameibuka mengine. Kwanza nikikata kona nasikia ko! huku chini karibu na pedali, nasikia hadi kwenye soli ya kiatu. Pili nikinyoosha barabarani usukani wenyewe umelala kushoto. Tatu taa ya SRS, yaani ya mfumo wa eabegi (puto la usalama), ile ya mtu aliyekaa na puto mbele yake, imewaka moja kwa moja. Nne honi inalia nikiwa nimenyoosha, nikikata kulia nabonyeza kimya.

Nikarudi kwa fundi, akafungua katikati akakaza ile nati kubwa ya usukani kwa kuongezea bomba kwenye spana akasema tayari nenda. Hakuna kilichobadilika hata kimoja. Naomba kujua, hizi bolti zina kipimo chake au ni mkono wa fundi? Na mtu wa kawaida anaweza kugusa eabegi bila kulipukiwa usoni?

Spana_Kumi
Mkuu usijipe presha, kukaza ni kukaza. Unakaza mpaka isogee basi, ikigoma umemaliza. Mimi nafungua hizi gari kila siku na sijawahi kuona mtu kashika toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwenye usukani, hiyo ni ya silinda hedi. Honi cheki rilei. Taa ya SRS kuna vijana wanaizima fasta tu.

Babu_Gereji
Spana Kumi mwanangu punguza mwendo kidogo, mwenzio ana gari linalogonga kwenye steringi na wewe unampa ushauri wa nati za tairi.

Mgosi, una shida nne na kukaza nati ya katikati hakugusi hata moja kati ya hizo. Nianze na ile ko, maana hiyo ndiyo ya kukukosesha usingizi, taa inaweza kusubiri. Chini pale kwenye pedali shafti ya usukani inaungana na shafti ya kati kwa krosi (kiungo kinachojipinda), halafu kuna krosi nyingine inayoshika reki, mtambo unaogeuza tairi. Kila krosi ina kichwa chenye meno ndani na kimepasuliwa upande, kinabanwa na bolti MOJA, spana namba 12. Sasa chukua tochi uangalie ncha ya shafti yenye meno, utaona kuna mfereji umekatwa kwa kukingama. Ile bolti inatakiwa ilale ndani ya mfereji huo. Kubana kazi yake ni kuondoa uchezaji, ila kinachozuia shafti isichomoke ni bolti kukaa kwenye mfereji.

Fundi akiwa na haraka anasukuma shafti haifiki mwisho, bolti inapita mbele ya ncha, kichwa kinabana kipande kidogo cha meno basi. Na hapo inakazika vizuri tu! Ukiweka toki renchi inalia klik kama kawaida. Halafu siku moja kwenye matuta shafti inatoka, unabaki unazungusha usukani kama feni na tairi hazina habari. Kwa hiyo kabla ya kuuliza imekazwa kiasi gani uliza imeingia wapi. Kipimo cha hiyo bolti kwa Toyota nyingi ndogo ni 35 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza).

Usiendeshe hilo gari mbali kabla hujaangalia hapo. Mengine nakuja, nina mteja.

Mgosi_wa_IST
Shikamoo Babu. Nimeingia chini na tochi sasa hivi kabla hujamaliza sentensi. Bolti ya juu naiona, ipo, ila shafti nikiishika kwa mkono na mtu akitikisa usukani pale kuna kijinafasi, kinacheza. Gari limepaki.

Babu_Gereji
Marahaba. Kicheze kisicheze lisitoke nje ya geti.

Probox_Damu
Huku Nairobi hii stori ni kila siku. Jamaa anatoa dash juu ya heater ama AC, kurudisha anabaki na bolts kwa kikombe, anakuambia hizo ni za ziada. Hakuna za ziada bana, Toyota haikuwekea za bure. Ya kwangu mekanika aliacha nati mbili za juu za kolamu, usukani ukawa unashuka ukishikilia wakati wa kupaki. Nikadhani ni ile lever ya kutilti.

Babu_Gereji
Asante Probox, hapo umenifungulia mlango. Kolamu yenyewe inaning'inia kwenye bomba la chuma lililo nyuma ya dashibodi, kwa bolti na nati tatu au nne kutegemea gari. Zinakazwa kama 25 Nm. Siyo nyingi, watu wengi wanazizidisha mara mbili. Na sababu ya kuwa ndogo siyo uvivu wa mhandisi. Kolamu ya kisasa imetengenezwa ijikunje ukigonga. Zamani ilikuwa fimbo moja ya chuma, ukigonga mbele inamuingia dereva kifuani. General Motors wakaanza kuweka za kujikunja kwenye magari ya mwaka 1967, na kuanzia 1968 Marekani ikawa sheria. Kwenye magari mengi ile sehemu ya kushikia ina vipande vinavyoachia kolamu iteleze mbele kifua kikija kwa nguvu. Ukiweka bolti nene zaidi, ukiweka washa zako za kujitungia, au ukachomelea (nimeona kwa macho yangu watu wamechomelea!), kolamu haitelezi tena. Umerudisha ile fimbo ya zamani.

Ndiyo maana pia usukani ukigoma kutoka haupigwi nyundo kwenye ncha ya shafti. Ndani kuna pini za plastiki zinazokatika kwenye ajali ili shafti ijikunje, nyundo inazikata kabla ya ajali. Tumia pula, kifaa cha kung'olea usukani. Usukani wa Toyota una matundu mawili yenye nyuzi pembeni ya nati kwa ajili ya bolti za pula, hayakuwekwa kwa urembo.

Kukaza kolamu: pandisha, shika nati zote kwa mkono kwanza ziingie nyuzi kadhaa, hakikisha haijalala upande, ndipo ukaze mojamoja. Ukikaza moja hadi mwisho zingine bado, kolamu inakaa mshazari na krosi ya chini inavutwa.

Spana_Kumi
Babu nakuheshimu ila hizo Nm mnazosema mtaani nani anazijua? Sisi tunasema kilo. Nati ya tairi kilo kumi. Usukani kilo ngapi?

Babu_Gereji
Swali zuri. Nati ya tairi ya Toyota ndogo ni 103 Nm, hiyo ndiyo kilo kumi na nusu yenu, yaani uzito wa kuvuta kwa spana ya mita moja. Nati ya usukani ni 50 Nm, kilo tano. Nusu ya nati ya tairi. Ukiona mtu ameweka bomba kwenye spana kukaza nati ya usukani ujue kapita huko mbali, anavuta nyuzi za shafti, na siku ya kufungua ndiyo ile nyundo inatafutwa.

Bolti za eabegi ni 8.8 Nm. Kilo haifiki hata moja.

Spana_Kumi
8.8?? Si ndiyo ile namba imeandikwa kwenye kichwa cha bolti? Kwa hiyo kumbe bolti zinakuja na kipimo juu 😂 miaka yote sijui

Mhandisi_Mtata
Hapana hapana hapana. 8.8 ya kichwani ni daraja la chuma, inakuambia bolti ina uimara gani, utakuta nyingine 10.9 au 12.9. Haihusiani na kukaza. Bolti ya tairi la lori ikiwa na 10.9 utaikaza Nm 10.9? Imegongana tu na namba ya eabegi ya Toyota.

Na kwa kuwa tupo hapo, mtego mkubwa ni vipimo kwenye vitabu. Kitabu cha Toyota kinaandika namba tatu pamoja kwa bolti hiyohiyo ya eabegi: 8.8 Nm, 90 kgf·cm, 78 in·lbf. Mtu anaona 90 anaenda kuseti toki renchi yake 90 Nm. Hapo umezidisha mara kumi, bolti ya M6 inakatika au inakula nyuzi kwenye fremu ya usukani. Nati ya usukani ni 50 Nm, 510 kgf·cm, 37 ft·lbf. Tena ya Kimarekani ina mbili, ya futi na ya inchi, inchi 12 ni futi moja kwa hiyo 78 ya inchi ni 6.5 tu ya futi. Soma herufi zilizo mbele ya namba kabla ya namba yenyewe.

Pili, toki renchi mliyonunua ya kukazia tairi, ile ya nusu inchi, nyingi zinaanzia 28 au 40 kwenda 210. Haiwezi kukaza 8.8, haina hiyo namba kabisa, utasubiri klik mpaka bolti ikatike. Unahitaji ndogo ya robo inchi, ile ya 5 hadi 25. Na ukimaliza irudishe chini kwenye namba ya mwanzo, springi yake isilale imebanwa.

Mgosi_wa_IST
Sasa wakuu, toki renchi mbili kwa gari moja la familia? Bei ya Kariakoo naijua, pale mtaa wa Gerezani nilipita juzi nikaishia kuangalia.

Mhandisi_Mtata
Kama huna, chukua ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia mabegi ya ndege. Spana yako pima kutoka katikati ya soketi hadi unaponasa ndoano, tuseme sm 25. Vuta kwa pembe mraba, polepole, usikite. Hesabu ni Nm gawa kwa 9.8 gawa kwa urefu kwa mita. Kwa hiyo na spana ya sm 25:

nati ya usukani 50 Nm, mizani isome kilo 20
bolti ya krosi 35 Nm, kilo 14
kolamu 25 Nm, kilo 10

Ya eabegi tumia ratcheti fupi ya sm 15, kilo 6. Siyo maabara lakini ni bora mara mia kuliko "isogee basi". Sehemu ambayo mizani haiingii, kama krosi ya chini kabisa, azima toki renchi.

Spana_Kumi
Hii ya mizani nimeipenda kusema kweli. Ila mkono wa fundi aliyezoea na wenyewe ni mizani, msitudharau sana.

Babu_Gereji
Hakuna anayedharau. Mkono uliozoea unakuwa sawa kwenye bolti unazokaza kila siku. Nati ya tairi nakuamini. Bolti ya eabegi unakaza lini na lini? Mkono hauna kumbukumbu ya kitu unachokigusa mara moja kwa msimu. Halafu mkono ukichoka saa kumi na moja jioni unakaza tofauti na wa saa tatu asubuhi, mimi najijua.

Mpemba_Halisi
Asalaam alaykum. Mie nataka khabari ya eabegi yenyewe, naifungua vipi? Na ile inayosemwa ya eabegi za Takata kuua watu ni kweli au maneno ya watu? Gari zetu huku Unguja na Pemba zote za Japani.

Babu_Gereji
Waalaykum salaam. Nianze na kufungua, kwa IST na ndugu zake.

Nyoosha tairi za mbele kwanza. Zima swichi, toa ufunguo, chomoa waya hasi wa betri, halafu SUBIRI. Toyota wanasema angalau sekunde 90, kwa sababu kisanduku cha eabegi kina akiba ya umeme ndani ya kulipua hata betri ikikatika kwenye ajali. Nenda kanywe maji urudi. Hakuna anayekufukuza.

Pembeni ya usukani kushoto na kulia kuna vifuniko vidogo vya plastiki. Ndani yake kuna bolti za nyota, toksi T30. Tumia soketi ya T30 yenyewe, siyo alenkii iliyokaribiana wala bisibisi bapa uliyoigonga ikaingia, ile nyota ikishachubuka umeanza safari nyingine. Hapa kuna kitu kinachowachanganya wengi: hizi bolti hazitoki nje. Unalegeza mpaka mfereji wake unase kwenye kikombe chake, inabaki inaning'inia hapo. Watu wanaendelea kuvuta na koleo wakidhani imegoma, wanavunja kikombe. Ikilegea hadi hapo, vuta pedi taratibu kuja kwako, usiikurupue, nyuma ina waya.

Soketi ya waya ni ya njano. Inua kilimi cha kufuli kwanza ndipo uchomoe. Na usiweke maltimita kupima hiyo pini ya eabegi. Umeme mdogo wa mita unaweza kutosha kuilipua.

Ukiibeba, uso uangalie mbali na wewe. Ukiiweka mezani uso uwe JUU, waya chini. Ikilipuka uso ukiwa juu itatapika hewa basi, ikiwa imelala kifudifudi yenyewe ndiyo itaruka kwenda darini au kwenye kidevu chako. Inajaa ndani ya kama sehemu 30 za elfu ya sekunde, huwezi kukwepa.

Nati ya katikati, soketi 19. Weka alama ya rangi kwenye shafti na usukani kabla. Legeza nati lakini iache kwenye nyuzi mbili tatu za mwisho, funga pula, usukani ukiachia ghafla unagonga nati badala ya meno yako. Ndipo utoe nati.

Kufunga ni kinyume chake, na mwisho zile T30 zikaze 8.8 kila upande. Zikilegea pedi inacheza cheza na siku ya kazi haijakaa pale ilipopangwa ikae. Zikizidi umekula nyuzi na zinalegea zenyewe baadaye, ni kulekule.

Usiunganishe betri ukiwa umekaa kwenye siti ya dereva na uso juu ya usukani. Swichi iwe imezimwa, unganisha betri, kisha mkono uingie kwa dirisha uwashe swichi.

Kuhusu Takata nampisha dada anayeuza spea, yeye anaongea vizuri.

DadaWaSpea
Babu umenitupia 😄 Ni kweli siyo maneno ya watu. Takata walikuwa kampuni ya Japani, wakatengeneza vilipuzi vya eabegi vyenye amoniamu naitreti bila kitu cha kunyonya unyevu. Miaka ikienda, joto na unyevunyevu vinaharibu ile dawa, siku ikiwaka inawaka kwa nguvu iliyozidi na kopo la chuma linapasuka, vipande vinamrukia dereva. Watu wamekufa kwa ajali ambazo kumbe walikuwa wapone. Magari ya Honda, Toyota, Nissan, Mazda, BMW na mengine mengi yaliitwa kurudishwa, na kampuni ikaomba kufilisika Juni 2017.

Kwa sisi wa pwani hii inatuhusu kuliko wa Iringa, maana joto na unyevu ndiyo chakula chake. Chukua namba ya chesisi, ingia kwenye tovuti ya Japani ya mtengenezaji wa gari lako, kuna sehemu ya kuandika namba ya chesisi inakuambia kama gari liliitwa na kama lilirekebishwa. Ni Kijapani ila simu inatafsiri.

Na hapohapo niseme la kwetu wauzaji, nitachukiwa lakini. Eabegi ya mtumba usinunue. Huwezi kujua ilitoka kwenye gari gani, ilikaa wapi miaka mingapi, na kama ni hizohizo Takata. Naletewa, nakataa.

Bolti nazo. Mtu anapoteza bolti ya krosi anakuja kuniomba "yoyote inayoingia". Haiwi yoyote. Ile ya krosi ina urefu wake na sehemu isiyo na nyuzi inayolala kwenye mfereji, ukiweka ya hadweya yenye nyuzi mwanzo mwisho zile nyuzi zinasagwa na mfereji, uchezaji unarudi. Na Honda wanataka bolti za eabegi ziwe mpya kila unapofungua. Muulize fundi wako alizipata wapi, ataangalia pembeni.

Mswahili_Maskati
Salaam kutoka Maskati. Nakubaliana na dada. Gereji ninayofanyia kazi huku ukiagiza eabegi mpya ya baadhi ya magari unakuta kipakiti kidogo kina bolti zake ndani. Vijana wapya wanakitupa na boksi. Magari mengine ya siku hizi hayana bolti kabisa, pedi inashikwa na springi, unaingiza bisibisi kwenye tundu la nyuma ya usukani unasukuma waya inaachia. Wakati wa kurudisha unasukuma mpaka usikie tak, kisha unavuta kidogo kuhakikisha. Tak moja haitoshi kama springi ni mbili.

Mgosi_wa_IST
Daah uzi umekuwa darasa. Babu bado honi na taa.

Babu_Gereji
Nimekuja. Nyuma ya usukani kuna duara la plastiki, ndani yake utepe wa waya uliojikunja, tunaita klok springi. Umeme wa honi na wa eabegi unapita humo, ndiyo maana usukani unazunguka na waya hazikatiki. Utepe una urefu wake. Kwenye hizi Toyota kutoka katikati unaenda mizunguko kama miwili na nusu kila upande.

Sasa fundi akishaachia krosi chini, usukani unakuwa huru, hauzuiwi na reki. Mtu akiegemea ukazunguka, duara linazunguka nao, kisha anafunga hivyohivyo. Gari likikata kona upande mmoja utepe unaisha kabla ya tairi kufika mwisho. Unakatika. Honi kulia kimya, SRS inawaka. Dalili zako zote mbili ni hapo. Wenye akili kabla ya kuachia krosi wanapitisha mkanda wa siti katikati ya usukani wanafunga, hauzunguki.

Kuweka katikati: ukishatoa usukani zungusha duara kinyume cha saa polepole mpaka liwe gumu, usilazimishe, kisha rudi kufuata saa mizunguko miwili na nusu hadi alama zikutane. Kama limeshakatika hakuna dawa, nunua jingine, na hili usichome waya na risasi, ni njia ya eabegi.

Usukani kulala kushoto, umerudishwa jino moja pembeni, ama juu ama kwenye krosi. Usikubali mtu akunyooshee kwa kuzungusha tai rodi (fimbo zinazosukuma tairi). Utaona umenyooka lakini sasa klok springi haiko katikati ya reki na unakata kona zaidi upande mmoja.

Na IST yako usukani ni wa umeme, mota iko kwenye kolamu. Ukimaliza yote ukaona ni mzito upande mmoja au taa ya P/S inawaka, basi sensa yake inahitaji kurudishwa sifuri kwa mashine.

Probox_Damu
Na wale wa kuzima taa ya SRS?

DadaWaSpea
Wanaunganisha waya wa taa ya SRS na taa nyingine, zinazima pamoja. Au wanatoa balbu. Au wanachomeka rizista (kipande kinachopinga umeme) mahali pa eabegi ili kompyuta idhani ipo. Njia ya kujua ni rahisi: washa swichi bila kuwasha injini, taa ya SRS iwake peke yake kama sekunde 6 kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, mtu ameichezea. Ikizima sambamba na taa ya oili au ya chaji ulipowasha injini, mtu ameichezea vilevile. Unaponunua gari yadi fanya hivi kabla hujaangalia rangi.

Mhandisi_Mtata
Niongeze moja ambalo watu wa AC na wa bodi wanalisahau. Kile kisanduku cha eabegi kilichofungwa sakafuni chini ya dashibodi katikati, kinapima mtikisiko wa gari kupitia bolti zake. Kina mshale, mshale uangalie mbele ya gari. Bolti zake kwenye Toyota nyingi ni kama 17.5 Nm, na chini yake pasiwe na zulia wala kutu. Kikiachwa kinaning'inia kwenye waya hakijui gari limegonga au mtu kapiga teke. Na kamwe usikifungue betri ikiwa imeunganishwa. Bolti za mkanda wa siti zilizofunguliwa kutoa zulia ni 42 Nm.

Mgosi_wa_IST
Mrejesho wakuu. Nimempata fundi mwingine na toki renchi ya kuazima. Krosi ya juu shafti ilikuwa haijafika mwisho, nimeiona mwenyewe, bolti ina mkwaruzo upande mmoja tu na mfereji hauna hata alama ya kuguswa. Tumeisukuma ikaingia, bolti mpya ya kwake 35. Nati mbili za kolamu zililegea kwa vidole. Kisanduku cha katikati kilikuwa na bolti moja kati ya tatu, mshale ulikuwa sawa alhamdulillah. Nati ya usukani ilikuwa imekazwa kiasi kwamba pula ililalamika, nyuzi zimepona ila fundi alikuwa anatikisa kichwa muda wote. Klok springi imekatika kweli, nimeweka mpya, T30 tumekaza 8.8 kwa mizani ya mabegi kwa sababu toki renchi ilianzia 20 😂 Ko! imeisha, usukani umenyooka. SRS imebaki inawaka mpaka tulipofuta kodi za hitilafu kwa mashine, sasa inawaka sekunde kadhaa inazima. Honi pande zote.

Spana_Kumi
Hongera mkuu. Babu, ile mizani ya mabegi mnanunua wapi, na pula unaweza kuniazima wikiendi? Nina Spacio hapa dashibodi iko chini.

Babu_Gereji
Umefunga usukani na mkanda?

Spana_Kumi
Ndiyo naenda kufunga sasa hivi.

Babu_Gereji
Basi kama usukani ulishazunguka usiufunge tu ukaendelea, weka duara katikati kwanza kama nilivyoandika juu. Pula ichukue, uirudishe Jumatatu asubuhi, nina kazi ya Noah.